Mwaka Niliohesabu Radi

Mwezi uliopita walimu wa sayansi wa wilaya yetu tuliitwa kwenye semina ya siku mbili pale Bariadi mjini, na mwezeshaji aliyeletwa kutoka chuo kikuu alikuwa Dokta Elisante, mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka tisa. Mwili ulikuwa umepungua na nywele za juu ya masikio zimegeuka nyeupe, lakini bado alikuwa anaongea huku akizungusha kifuniko cha kalamu kati ya vidole viwili. Nilikaa safu ya nyuma nikiomba asinitambue. Baada ya chai nilianza kuumia kwamba hajanitambua. Ilipokaribia saa saba alisimama katikati ya sentensi, akaninyooshea ile kalamu, akasema, "Yule pale si Kabula? Jamani, mwenzenu huyu aliwahi kutaka kupima radi kwa redio za wakulima!" Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko waliokuwa karibu yangu, kama nilivyokuwa nikicheka mbele yake nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Akaniuliza niko wapi siku hizi. Nikamwambia, "Nipo tu, Dokta, nafundisha." Akasema vizuri sana, akarudi kwenye somo lake.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiusimulia mwaka ule kwa namna moja tu. Nimewasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha sita, nimewasimulia walimu wenzangu, hata mchumba wangu nilimsimulia siku ya tatu tu tangu tufahamiane: kwamba nilikosa kazi ya chuo kikuu kwa sababu nilikataa kuchapisha takwimu za uongo. Watu wanaipenda hadithi hiyo, wananitazama kwa heshima kidogo. Ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imedumu. Lakini sivyo ilivyokuwa. Niliporudi nyumbani kutoka semina nilikaa mezani nikajaribu kuiandika hivyohivyo nilivyoizoea, na kila nilipofika mahali fulani kalamu ilikwama. Ninaandika hapa sehemu zile zilizokwama.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya ualimu, fizikia na hesabu, na alama zangu zilipungua kidogo tu kufikia kiwango cha kuchukuliwa moja kwa moja kuwa mkufunzi msaidizi. Mkufunzi msaidizi ndiyo ngazi ya chini kabisa ya kupandia kwenda kuwa mhadhiri. Nje ya ngazi hiyo unaweza kuipenda fizikia upendavyo, lakini utaipendea nyumbani kwako. Dokta Elisante alikuwa amenifundisha mwaka wa mwisho. Aliniambia kuna mlango mwingine: alikuwa na mradi wenye wafadhili, mradi wa kupima jinsi vumbi linavyopunguza nguvu ya paneli za sola katika ukanda wa pamba, na alihitaji mtu wa kukaa Bariadi mwaka mzima kuchukua vipimo. Nikifanya kazi hiyo na jina langu likatokea kwenye andiko lililochapishwa, idara ingeweza kuniita kwenye usaili hata kwa alama zile. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nililia njia nzima nikirudi bwenini, na sikujua kama ni kwa furaha au ni kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa kukosea.

Nilipanga chumba mtaa wa Somanda, karibu na hospitali, katika nyumba ya vyumba vinne vilivyozunguka ua wenye bomba moja. Chumba cha pili kilikuwa cha Zuhura, muuguzi kutoka Tanga aliyekuwa amehamishiwa Bariadi miaka miwili nyuma na bado alikuwa anajihesabu kana kwamba yuko safarini. Meza yangu ilikuwa mlango wa mbao uliolazwa juu ya matofali. Juu ya meza hiyo kulikuwa na kitabu cha somo la elektroniki kisicho na jalada nilichokinunua kwa fundi redio, madaftari, rula mbili (ya pili kwa ajili ya kuhakiki ya kwanza), na redio ndogo ya betri. Kazi ya vumbi ilikuwa ya asubuhi tu. Kulikuwa na paneli sita juu ya fremu ya chuma nyuma ya ofisi moja ya serikali. Tatu nilizifuta kila siku, tatu niliziacha zijae vumbi, kisha nilipima umeme wa kila moja na kuandika. Saa nne nilikuwa nimemaliza. Siku iliyobaki ilikuwa yangu, na niliitumia kwa radi.

Mtu wa Simiyu, mkoa wetu, haulizi kwa nini radi. Anajua nyumba gani ilipigwa na ng'ombe wa nani walilala chini ya mti wasiamke. Chuoni radi ilikuwa aya moja na mchoro wa wingu. Yote mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikipakua makala za watu wa nchi nyingine na kuzisoma na kamusi pembeni, na nilipokutana na hesabu nisiyoijua nilirudi nyuma kuisoma hiyo hesabu kwanza, wakati mwingine kwa wiki tatu. Sikuwa na mtu wa kumuuliza kama nimeelewa, kwa hiyo sikuwahi kuamini kwamba nimeelewa. Lakini jambo moja nililiamini kwa sababu nililisikia kwa masikio yangu: ukiiweka redio katika masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, kila radi inayopiga, hata iliyo mbali sana, inasikika kama mkwaruzo. Ukihesabu mikwaruzo katika vituo kadhaa kwa wakati mmoja unaweza kuona dhoruba ikitembea kutoka ziwani kuja huku kwetu. Kifaa cha kweli cha kazi hiyo sikuwa nacho, na sikumjua aliyekuwa nacho. Redio kila mtu alikuwa nayo.

"Kabula mwenzangu," Zuhura aliniuliza siku ya kwanza aliponikuta nimeinamia mkwaruzo nikichora vijiti kwenye daftari, "hiyo redio imekufa ama unaisomea dua?"

"Nasikiliza radi."

"Radi si iko nje?"

"Ya mbali. Hii inaweza kuwa Mkula, kule karibu na ziwa, au hata ng'ambo yake."

Akachukua kigoda akakaa, akasikiliza kwa uso wa kimuuguzi, kama anayesikiliza kifua cha mtoto. "Kwetu Tanga mtu akikaa kusikiliza redio isiyo na stesheni tunamwita mganga, halafu tunamuuliza bei," akasema. Kisha akaniletea samaki na wali wa nazi, na akanikemea kwa kuacha nusu sahani. Nilikuwa naacha chakula mwaka ule wote. Nilikuwa nikifunga kufuli la mlango, nikifika barabarani narudi kuhakikisha nimefunga, na nikifuta herufi moja kwenye jedwali nalirudia jedwali lote kwenye ukurasa mpya. Zuhura aliwahi kuyaokota madaftari niliyoyatupa akayatumia kuwashia jiko, akaniambia moto wa fizikia unashika haraka.

Nilipata wasikilizaji saba. Wawili walikuwa Bariadi, mmoja alikuwa mwenye duka Mkula, waliobaki walikuwa vijijini, na aliyenifurahisha kuliko wote alikuwa Mzee Limbu wa kijiji kinachoitwa Sola, katekista mstaafu mwenye shamba la pamba na mwandiko ulionyooka kama mistari ya jembe la ng'ombe. Kila mmoja nilimpa daftari na karatasi ya maelekezo niliyoiandika mara kumi na moja. Kila siku saa kumi, saa kumi na nusu na saa kumi na moja, wawashe redio dakika kumi, wachore kijiti kwa kila mkwaruzo. Mwisho wa karatasi, kwa herufi kubwa, niliandika: NAFASI YOYOTE ISIACHWE TUPU. Nilijivunia sana mstari huo.

Mwezi wa kwanza Dokta alipita Bariadi kukagua paneli, akanipeleka kula kwenye mgahawa karibu na stendi. Kulikuwa na sato wa kukaanga na ugali, na wafanyakazi wa ofisi wawili meza ya pili wakibishana kwa sauti kuhusu nani atakaimu nafasi ya mkuu wao. Nilimweleza habari ya redio. Alisikiliza huku akitoa miba kwa uangalifu mkubwa na kuipanga ukingoni mwa sahani.

"Ni wazo zuri," akasema. "Lifanye jioni, kama mtu anayefuga kuku. Kazi ni vumbi."

"Lakini Dokta, siku nikiwa chuoni, nitaweza kufanya radi?"

"Binti, sikiliza. Uhuru wa utafiti unakuja na uprofesa. Kabla ya hapo unatafiti kile ambacho mtu amekubali kukilipia. Unadhani mimi nilizaliwa napenda vumbi? Mimi nilitaka nyota. Nilikuja na barua yangu ya kuomba darubini, nikaambiwa kuna fedha za sola. Nikasema sola nayo ni nyota." Akacheka peke yake, akanawa mikono. Meza ya pili mmoja akamwambia mwenzake, "Hata wewe ukikaimu, utakaimu mpaka ustaafu," na Dokta akageuka kumtazama kama aliyesikia jina lake.

Maneno yale niliyabeba kama amri. Leo ninapoyasikia tena kichwani, nasikia mtu aliyechoka akijisemea mwenyewe kwenye sahani ya samaki. Wakati ule sikujua kwamba wakubwa huweza kuongea kwa uchungu wao wakaonekana wanatoa sheria. Nilirudi chumbani nikayaandika kwenye daftari, na tarehe.

Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu nilikuwa na takwimu za msimu mzima wa mvua. Nilichora mchoro mkubwa kwenye karatasi ya manila, vituo saba, mistari saba, na ile mistari ilipanda na kushuka kwa mfuatano, Mkula kwanza, kisha Bariadi, kisha Sola, kama watu wanaopokezana ndoo. Zuhura alisimama mlangoni akasema, "Imetulia kama shanga." Nilimtumia Dokta picha. Siku nne baadaye alikuwa Somanda, amesimama mbele ya meza yangu ya mlango, kifuniko cha kalamu hakizunguki. Alisema hili ni andiko. Alisema tena, polepole, kwamba andiko hili ni zuri kuliko la vumbi, kwamba kuna jarida angelijaribu, kwamba nafasi ya mkufunzi msaidizi ingetangazwa mwezi wa sita na mtu mwenye andiko lake mwenyewe hawezi kuachwa. Jina lake lingetangulia, langu lingefuata. Hilo halikuniuma hata kidogo. Nilitaka tu mtu mwingine aseme kwamba nimeelewa.

Kwa kuwa nilitaka kila kitu kiwe bila doa kabla ya kuandika, nilipanga kuvitembelea vituo vyote, kuhakiki saa za watu na betri zao. Nilianza na Sola, kwa Mzee Limbu, kwa sababu takwimu zake zilikuwa nzuri kupita zote. Nilifika mchana. Mke wake, Mama Holo, alinipokea begi. Nikapiga goti nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, naye akaitikia na kuniuliza habari za kila mtu niliyemjua na nisiyemjua. Tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Redio ilikuwa imening'inia kwenye msumari, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Mzee Limbu alinionyesha daftari kama mtu anayeonyesha cheti cha ubatizo. Kwa upande wa ziwa mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na nilifurahi, kwa sababu ningeona kipimo kikichukuliwa mbele ya macho yangu.

Saa kumi kamili aliiwasha. Mkwaruzo, kijiti. Mkwaruzo, kijiti. Alihesabu kwa midomo, kalamu ikifuata. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyomtaja kwenye shukrani za andiko. Kisha ngurumo ikapiga, si mbali sana, bati likatikisika, na Mama Holo akanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Akaishusha redio. Akaizima. Akaifungua mgongoni akatoa betri, moja moja, akazipanga mkekani. Akachukua kitenge akafunika kioo cha ukutani. "Mayu, sogea kutoka ukutani," akaniambia, "na hiyo simu." Mkono wangu ulikuwa umeshaizima simu kabla hajamaliza kusema. Tukakaa katikati ya chumba watu watatu, miguu tumeikunja, mpaka ikapita. Ilichukua zaidi ya saa nzima.

Mvua ilipobaki matone, Mzee Limbu alirudisha betri, akavaa miwani, akachukua kalamu, akaanza kuchora vijiti kwenye mistari ya saa kumi, saa kumi na nusu na saa kumi na moja. Alichora kwa utulivu, vitano vitano, cha tano akikipitisha kwa mshazari juu ya vinne kama nilivyomfundisha.

"Baba," nikasema, "hivyo umevipata wapi?"

"Nimekadiria. Masikio si yalikuwa wazi?"

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine vilevile. Ikiwa mbali nahesabu kwenye redio. Ikifika hapa nakadiria." Akaniangalia juu ya miwani, na nikaona ameanza kuingiwa na wasiwasi kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. "Wewe uliandika nafasi isiachwe tupu."

Mama Holo alikuwa anakunja kitenge. "Kwani kwenu radi ikipiga redio mnaiacha inaimba?" akauliza.

Kwetu tulikuwa tunaizima. Nilizaliwa nikakuta inazimwa, niliizima mwenyewe nikiwa sijaanza shule, na haikunijia hata mara moja, katika karatasi niliyoiandika mara kumi na moja, kwamba nawaomba watu wa nchi hii wawashe redio katika saa ileile ambayo hakuna mtu wa nchi hii anayeiacha inawaka. Nilikuwa nimejifunza hesabu za radi kwa lugha ya watu wengine mpaka nikasahau ninavyokaa radi inapopiga. Niliwapigia simu wale sita waliobaki nikiwa bado njiani. Wote walikuwa wanazima. Mwenye duka wa Mkula alicheka hadi akakohoa: "Dada, redio iwake na radi inapiga? Mimi nina familia!" Kisha akaniuliza kama takwimu zake zilinipendeza.

Na sasa sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Mimi mwenyewe, msikilizaji wa nane, pale Somanda, niliizima. Ilikuwa mwezi wa pili, radi ilipiga karibu na hospitali, mwanga uliingia chumbani ukawa mweupe ukutani, na nilipozinduka redio ilikuwa imezimwa na betri ziko mkononi mwangu. Nilikaa nazo mpaka mvua ikaisha. Kisha kwenye daftari nikaandika: betri zimeisha. Nilipokuwa namhoji Mzee Limbu kwa sauti ya mkaguzi, nilikuwa naijua siku ile vizuri kabisa.

Mwezi wa tano Dokta alikuja tena, tukakaa mgahawa uleule, safari hii hatukuagiza samaki. Nilimweleza yote, isipokuwa betri zangu. Alifikiri kidogo, akasema, na hapa ndipo hadithi yangu ya miaka tisa inapokwama, jambo la haki kabisa. Alisema: "Toa siku zote dhoruba ilipokuwa karibu. Bakiza za mbali, ambazo walihesabu kweli. Eleza wazi kwamba watu huzima redio. Andiko litakuwa dogo, lakini litakuwa la kweli. Tunatuma wiki mbili zijazo."

Hakuniambia nidanganye. Nimeishi na Dokta mwovu niliyemtengeneza mimi, kwa sababu yule wa kweli alinipa njia nikaikataa.

"Litakuwa na mashimo," nikasema.

"Kila andiko lina mashimo."

"Nataka msimu mmoja mwingine. Nitawafundisha upya, nitatafuta redio zenye waya wa..."

"Kabula. Nafasi inatangazwa mwezi wa sita. Mvua yako inarudi mwezi wa kumi na moja. Idara haisubiri mawingu."

"Wakisoma wakaona mashimo watasema sijui fizikia."

"Nani atasema?"

Sikuwa na jina la kumtajia. Walikuwa wote, na hawakuwa yeyote. Nilianza kukusanya makombo ya chapati kwa kidole, na kumwambia tena kwamba siwezi kutuma kitu ambacho nusu yake ni kukadiria, na kadiri nilivyorudia ndivyo ilivyosikika kama uaminifu, hata masikioni mwangu. Dokta aliisukuma sahani yake kando. "Sawa," akasema mwishowe. "Basi utaingia kwenye usaili na andiko langu la vumbi, jina lako likiwa la tatu." Alikuwa amekasirika, na nilimwona akijitahidi asionekane. Nadhani alikuwa ameshaanza kulihesabu andiko lile kwenye njia yake mwenyewe ya kupanda cheo. Lakini hilo halibadilishi kitu. Nililia kwa Zuhura jioni ile. Alinisikiliza akipiga pasi sare zake, akaniuliza, "Sasa hiyo iliyotoboka, huwezi kuivaa hata ndani?" nikamkasirikia wiki nzima.

Niliitwa kwenye usaili. Siku chache kabla ya kusafiri nilikwenda Sola kuchukua daftari, kwa sababu nilitaka kuyafungia madaftari yote saba kwenye boksi nisiyaone tena. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Chumba tulichokaa siku ya dhoruba kilikuwa kimejaa pamba mpaka usawa wa dirisha, na Mama Holo alikuwa amekaa mlangoni anatoa majani makavu kwenye pamba, akitenga safi na chafu. Niliketi nikamsaidia. Aliniuliza kwa nini nimeiacha kazi ile, nikamwambia kwa sababu redio zinazimwa.

"Sasa si ungetuambia tuandike saa ya kuzima?" akasema, bila kunitazama. "Maana hatuzimi hovyo. Ikiwa huko kwenye vilima tunaiacha. Ikimulika, ukasikia ngurumo kabla hujavuta pumzi ya pili, hapo nazima. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo. Na nyumba ile kule wanazima hivyohivyo, na kule."

Nilibaki na pamba mkononi. Muda kati ya mwanga na ngurumo hukupa umbali wa radi. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne anajua. Kila nyumba katika kijiji kile ilikuwa na kipimo cha umbali, kimerithiwa, kinatumika mchana kweupe, na mimi nilikuwa nimekiita shimo. Wasikilizaji saba tu wangetosha kuonyesha dhoruba inaingia wapi na saa ngapi. Na vijiji vyote vile, je? Niliandika ukurasa mzima pale pale, goti likiwa meza, na ukurasa huo nikausafirisha kwenye begi hadi chuoni. Sikumwambia Dokta. Wazo lilikuwa la wiki moja, halijajaribiwa hata siku moja ya mvua, na sikujua kama kuna mtu alishalifikiria katika makala ambayo sijaisoma.

Usaili ulifanyika kwenye chumba kirefu chenye mapazia ya kijani. Walikuwa watano. Dokta Elisante alikaa mwisho wa meza, akizungusha kifuniko cha kalamu. Mwenyekiti alikuwa profesa, mama mtu mzima mwenye sweta begani, aliyesoma faili langu kwa kidole mstari kwa mstari. Waliniuliza sumaku, waliniuliza joto, waliniuliza namna ya kuongoza darasa la watu wengi, na nilijibu vizuri. Nasema hivi bila majivuno, nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Kisha profesa alifunga faili, akavua miwani.

"Kabula," akasema kwa upole, "tuseme hapa hakuna mradi, hakuna mfadhili, hakuna wa kukuamuru. Umepewa chumba na muda. Ungetafiti nini?"

Begi lilikuwa miguuni mwangu. Niliukumbuka ukurasa, niliona hata mwandiko wake. Nikamtazama Dokta, alikuwa ameacha kuzungusha kifuniko cha kalamu. Nikawaona wote watano wakiuliza swali la pili, ulijuaje, umepima lini, nani amethibitisha, na mimi sina jibu. Vumbi nilikuwa na majibu yake yote, hadi desimali ya tatu.

"Vumbi kwenye paneli za sola, Profesa," nikasema.

Alingoja kidogo, kana kwamba kuna sehemu ya pili inakuja. Haikuja. Akavaa miwani. "Ahaa," akasema, akaandika neno fupi. "Kwa vumbi tayari tuna mtu."

Dokta alinikuta kwenye korido wakati wamepumzika chai. Wasailiwa wawili walikuwa bado kwenye benchi na makoti yao ya kuazima, kwa hiyo alinisogeza kando ya ngazi.

"Kwa nini hukusema radi?"

"Haijakamilika."

"Hakukuuliza iliyokamilika. Alikuuliza unayoitaka."

Hapo hasira zikanipanda, za mwaka mzima, nikasahau hata heshima. "Wewe ndiye uliyeniambia uhuru unakuja na uprofesa!"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye alikuwa ameumia mle ndani, labda kuliko mimi.

"Nilikuambia," akasema. "Na leo profesa amekupa uhuru wake, dakika nzima, mbele yangu. Ukamrudishia."